Upepo Chini ya Mbao: Uhakiki wa Sakafu za Lushoto

Wanaoandika juu ya nyumba za Waswahili wamezoea kuanzia mlangoni, na hawana makosa. Unguja na Lamu mlango hutaja cheo cha mwenye nyumba kabla hujapiga hodi, kwa nakshi zake na kwa vichwa vya shaba vinavyong'aa. Lushoto mlango haukwambii kitu. Nyumba kongwe za mji ule, zile za wakati ulipoitwa Wilhelmstal na zile alizoongeza Mwingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zina milango ya kawaida ya mbao na vioo, ya kuzuia baridi tu. Ukitaka kuzisoma, anza pale unapokanyaga.

Unapanda ngazi tatu au nne za mawe, unaingia, na hatua ya kwanza inalia. Sakafu ya chokaa ya Mji Mkongwe humeza mguu bila kelele. Huku mbao zinajibu, kila moja kwa sauti yake, na iliyolegea msumari hupiga kelele kuliko zote. Mlio huo ndio dalili ya kwanza ya fani. Chini ya mbao hapana udongo. Pana uwazi.

Nataka kuusoma uwazi huo kwa sababu kuna swali linalozuka kila kipupwe kinapoingia. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 10, na kule Magamba na Shume, ambako milima inapita mita 2,000, baridi ni kali zaidi. Mwenye nyumba ya kulala wageni anataka mgeni wake asilale na koti. Mstaafu aliyekaa Ujerumani au Uingereza anakumbuka sakafu iliyokuwa vuguvugu alfajiri, akishuka kitandani miguu mitupu, anauliza kama mabomba yale ya maji ya moto hayawezi kupitishwa chini ya mbao za nyumba aliyoinunua. Swali huulizwa kwa fundi bomba. Mimi naliona ni la mhakiki: umbo hili linaweza kubeba kazi hiyo, au litaikataa? Jibu langu ni kwamba sakafu ya mbao ya Lushoto iliundwa makusudi ipitiwe na ubaridi, na anayetaka kuipasha joto anabishana na aliyeijenga. Kubishana kunaruhusiwa. Lakini ni lazima ujue mwenzako alisema nini.

Tuanze chini kabisa. Msingi ni wa mawe, umeinuka nusu mita upande mmoja na mita nzima au zaidi upande wa pili, maana Lushoto kiwanja tambarare ni bahati. Katikati ya chumba, mahali ukuta usipofika, pana nguzo fupi za mawe au matofali. Juu ya nguzo hizo, katika baadhi ya nyumba, limewekwa bati lililopindwa ukingoni kuelekea chini, ili mchwa anayepanda agonge mwamba. Juu ya bati imelala boriti kubwa, na juu ya hiyo, kwa kuikatiza, zimepangwa boriti za sakafu kila baada ya sentimita 40 au 50. Mwisho ndipo zinakuja mbao za kukanyaga, zimeumana kwa ulimi na mfuo. Na huko nje, kuzunguka msingi wote, kuna vitundu vyenye wavu, vidogo kiasi kwamba watu huvipita miaka yote wasivione. Mimi nadhani ndivyo kiini cha nyumba nzima. Vingine vyote vipo ili vitundu hivyo vifanye kazi.

Kazi yake ni kupitisha upepo chini ya sakafu usiku na mchana. Mzungu wa karne ya 19 alikuja Afrika akiamini kwamba homa inatoka katika mvuke wa ardhi, basi akajiinua juu ya ardhi. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross alimwona mdudu wa malaria tumboni mwa mbu, na hoja ya mvuke ikafa. Desturi ya kujenga juu ya nguzo haikufa nayo, kwa sababu ilikuwa na faida nyingine mbili ambazo ni za kweli mpaka leo. Ya kwanza ni mchwa. Ya pili ni unyevu. Milima ya Usambara hukamata mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi; ukungu hulala asubuhi nzima, na udongo wa chini ya nyumba haukauki kama wa Mombo kule bondeni. Mbao iliyolala juu ya udongo wa namna hiyo bila hewa huoza katika miaka michache. Mbao zinazoguswa na upepo bado zinalia miguuni mwetu baada ya miaka 100.

Siku moja nilisimama na seremala aliyekuwa amebandua mbao mbili katika chumba cha nyumba ya namna hii, njia ya kwenda Irente. Nilichungulia, sikuona kitu, ila uso ulipata ubaridi kama wa mlango wa friji.

"Huku chini kuna nini, fundi?"

"Upepo tu, mzee," akasema. "Na panya."

Alikuwa ameweka kando kipande cha boriti alichokikata, na ndani yake, chini ya weusi wa vumbi, mti ulikuwa mwekundu na bado unanukia. Ni mwangati. Mti huu wa misitu mikavu ya Usambara Magharibi ndio uliowavuta Wajerumani hadi Shume, ambako kampuni ya Wilkins na Wiese iliweka mashine za kupasulia magogo na kuteremsha mbao kwa kamba za chuma angani hadi Mkumbara, kwenye reli ya kutoka Tanga. Mchwa anauchukia. Pamoja nao walipasua mkulo, ambao wengine huuita mkafuri, na podo, na mbao hizo ndizo zilizoamua ukubwa wa vyumba vya Lushoto. Pwani chumba cha kale ni kirefu na chembamba, upana wake haufiki mita tatu, kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka zaidi ya hapo ikiwa imebeba mawe na chokaa. Mlimani gogo lilipopasuliwa kwa msumeno wa mashine liliweza kuvuka mita nne au tano, na juu yake hapakuwa na mzigo wa mawe. Chumba kikawa mraba. Hata mpangilio wa viti vya sebuleni unatokana na urefu wa boriti.

Wajenzi hao walijua kuna baridi, wala sisemi walisahau. Jibu lao walilipachika ukutani: mahali pa moto, na dohani ya mawe inayotoboa paa. Hoteli ya Lawns, mojawapo ya hoteli za zamani kabisa mjini, inajulikana kwa mambo hayo mawili pamoja, mbao nyeusi chini na moto ukutani, na wageni hupenda kupiga picha. Ila nataka tuitazame jozi hii inavyofanya kazi, maana hapa ndipo umbo linapojipinga lenyewe.

Washa moto wa namna hiyo usiku wa Julai, funga madirisha, shusha mapazia. Sasa chukua ubani au udi, uufukize nyuma ya kiti chako, karibu na ufa wa sakafu. Moshi hausimami wima. Unaegemea upande wa moto, unatambaa chini ya kiti, unapita kwenye vifundo vya miguu yako, unaingia mahali pa moto na kupaa. Moto unakula hewa, na dohani inainyonya kwa nguvu. Ya kujaza pengo lazima itoke mahali, na kwa kuwa madirisha umeyafunga, inatoka katika nyufa za mbao, kutoka kule kwenye uwazi ambako upepo haukomi. Kadiri moto unavyokolea ndivyo ubaridi unavyovutwa kupitia miguuni. Sehemu kubwa ya joto inakwenda na moshi. Kwa moto wa wazi wa ukutani kinachobaki chumbani ni kama moja ya kumi au mbili ya kumi. Uso unaungua na visigino vinaganda. Watu wa zama zile wakaongeza zulia, wakaongeza soksi za sufu, wakaongeza kuni. Kila nyongeza ilikuwa ya kuficha ugomvi kati ya sakafu na ukuta, na hakuna aliyethubutu kuumaliza.

Msambaa aliyekuwa akiishi milima hiyo hiyo hakuwa na ugomvi huo. Nyumba yake ya duara, yenye paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi, ilikuwa na mafiga katikati, juu ya udongo ulioshindiliwa. Hapakuwa na uwazi chini. Moto ulikaa juu ya sakafu yenyewe, na udongo ule, ukishapata moto tangu magharibi hadi watu walipolala, uliendelea kuurudisha taratibu hata makaa yalipofunikwa majivu. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa kukaushia mahindi. Moshi haukuwa na tundu maalumu la kutokea. Ulichuja kwenye nyasi, ukaua wadudu wa paa, ukatoka polepole bila kuvuta upepo wa nje kwa nguvu. Mbuzi waliolala ndani waliongeza joto lao. Tukiisoma kwa macho ya fani, hii ni sakafu inayopashwa joto, na hata shughuli za maisha ziliifuata: watu walikaa chini au kwenye vigoda, karibu na chanzo, wala si kwenye viti virefu vinavyouacha mguu uning'inie katika hewa baridi.

Sitaki kuipamba. Moshi ule uliharibu macho na mapafu, na walioumia zaidi ni akina mama na watoto waliokaa karibu na jiko. Na mrithi wake wa leo ni mbaya kuliko yeye: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, ndani ya nyumba ya matofali na madirisha ya vioo yasiyopitisha hewa. Nyasi zilichuja moshi. Kioo hakichuji kitu. Kila kipupwe kwenye nyanda za juu za nchi yetu husikika habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Hao waliuawa na kubadilika kwa umbo la nyumba, tabia ya zamani ikihamia katika nyumba mpya bila kuulizwa kama inafaa.

Sasa tutoke milimani kidogo, kwa sababu kuna mfano wa mbali unaotusaidia kuuona uwazi wa Lushoto vizuri zaidi. Warumi wa kale walijenga mabafu yao juu ya nguzo fupi za matofali, zimepangwa safu kwa safu, sakafu ikiwa juu na uwazi chini. Ukichora mkato wa jengo hilo na mkato wa nyumba ya Wilhelmstal, michoro itafanana ajabu: nguzo fupi, uwazi, sakafu iliyoinuliwa. Tofauti ni kile kilichotiwa ndani ya uwazi. Mrumi alitia moshi wa tanuri, ukazunguka chini ya sakafu kabla ya kupanda kupitia kuta. Mjerumani alitia upepo. Fani moja, maudhui mawili yanayogeukiana mgongo. Nadhani hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanaona nafasi chini ya mbao, wanasema mabomba yatakaa vizuri pale. Nafasi ipo kweli. Lakini ina mwenyewe.

Wakorea nao, kwa karne nyingi, walipitisha moshi wa jiko chini ya mawe ya sakafu, na maisha yao yakashuka chini kufuata joto: kuvua viatu mlangoni, kula sakafuni, kulala sakafuni. (Msomaji wa pwani anayekunja miguu kwenye mkeka angejisikia nyumbani, isipokuwa kwamba mkeka wetu unatafuta ubaridi.) Msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright aliufahamu mfumo huo akiwa Japani, na mwaka 1937 akapitisha mabomba ya joto chini ya sakafu ya zege katika nyumba ya Jacobs huko Wisconsin. Angalieni wote hao walitumia nini: matofali, mawe, zege. Vitu vizito, vinavyopokea joto na kulitunza. Hakuna aliyechagua mbao zinazoning'inia juu ya upepo. Hiyo kazi imekuja baadaye, Ulaya ya Kaskazini, kwa watu waliorithi nyumba za mbao na hawakutaka kuzibomoa. Yaani watu walio katika hali ya yule mstaafu wetu.

Wanafanyaje? Tofauti ya msingi ni hii: mbao laini hupitisha joto mara kumi chini ya zege, na alumini huipita mbao zaidi ya mara 1,000. Ukining'iniza bomba la moto kati ya boriti mbili, hewa ya pale itapata joto, nayo itatoka na upepo kwenda kuwapasha panya wa jirani. Kwa hiyo bomba hubanwa kwenye mfereji wa bati jembamba la alumini, na bati hilo linagusana na tumbo la ubao, likitandaza joto kulia na kushoto. Chini ya bati huwekwa pamba ya mawe, sentimita 10 hivi, imejazwa kati ya boriti na kushikiliwa na wavu ili isidondoke. Chini ya wavu, upepo unaendelea na safari yake kama zamani. Sakafu iliyokuwa na tabaka moja inakuwa na tatu: la chini linapumua, la kati linazuia, la juu linatoa. Ukikosea mpaka kati ya la kwanza na la pili, ukaziba vitundu vya msingi ili "joto lisitoke", umeua boriti.

Na boriti zenyewe zina masharti. Nimesema zimepangwa kila sentimita 40 au 50. Mwenye kujua kutunga shairi atalielewa jambo hili haraka: mizani imeshawekwa na aliyetangulia, na ajaye na maneno mapya hana ruhusa ya kuukata mshororo katikati, anageuka mwishoni. Bomba litembee sambamba na boriti, ndani ya nafasi yake, na likitaka kuvuka kwenda nafasi ya pili livukie karibu na ukuta. Sababu ni ya kihesabu. Katikati ya chumba ndipo boriti inapopinda zaidi, kwa hiyo mkato wowote pale unaidhoofisha zaidi. Kanuni ya Uingereza inasema mkato wa juu usizidi moja ya nane ya kina cha boriti, na uwe mbali na ukuta kwa kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu unaovukwa. Kwa chumba cha mita nne, hiyo ni kuanzia sentimita 28 hadi mita moja kutoka ukutani. Boriti ya inchi mbili kwa sita, yenye kina cha milimita 150, inaruhusu mkato wa milimita 18 na ushei. Bomba la kawaida ni la milimita 16. Linaingia, kwa hisani. Boriti ya mbili kwa nne inaruhusu milimita 12 na nusu tu, basi hapo fundi akunje mabomba yake arudi nyumbani.

Kuna njia nyingine mbili, nazipita haraka kwa sababu sizipendi. Moja ni kujaza mchanganyiko mkavu wa mchanga na saruji kati ya boriti: sentimita tano za mchanganyiko huo zina uzito wa kilo 90 au zaidi kwa mita moja ya mraba, na boriti za mwaka 1910 hazikuahidi kubeba mzigo huo. Nyingine ni kulaza paneli zenye mabomba juu ya mbao za zamani na kutandaza sakafu mpya juu yake. Inafanya kazi. Ila milango yote itakatwa chini, na sakafu uliyonunua nyumba kwa ajili yake utaizika.

Mfano bora wa kupasha joto kutoka chini hauko mbali kiasi cha kutafutwa Ulaya. Uko katika viwanda vya chai vya milima hiyo hiyo, kama Herkulu. Majani mabichi hutandazwa juu ya wavu katika mahandaki marefu, ili yanyauke kabla ya kusagwa. Upande mmoja wa handaki kuna feni. Feni inasukuma hewa chini ya wavu, na siku za mvua na ukungu hewa hiyo huchanganywa na ya moto. Kazi inachukua saa 12 na kuendelea, na jani linapoteza sehemu ya maji yake kabla halijaguswa na mashine. Tazama umbo la handaki: chini limezibwa, pande zimezibwa, juu pako wazi. Joto halina njia ila moja. Aliyelibuni alijua anataka hewa iende wapi, akaondoa njia nyingine zote. Sakafu ya nyumba ya kale ina njia zote isipokuwa hiyo moja.

Tufike kwenye hesabu ya nguvu, maana uhakiki usiogusa bili ya umeme ni anasa. Ubao wa mti laini wenye unene wa milimita 20 uko kwenye kikomo kabisa cha kile ambacho mifumo hii inakubali juu ya mabomba. Ukiongeza zulia zito juu yake, umeuzima. Ukiwa mtupu, na ukitaka utoe wati 40 kwa kila mita ya mraba, chumba kikiwa nyuzi 20, uso wa ubao utakuwa kama nyuzi 24 na tumbo lake nyuzi 30. Maji ya nyuzi 35 hadi 40 yanatosha. Hiyo ni habari njema: maji ya kiasi hicho yanaweza kutoka kwenye boila ndogo ya kuni za mkaratusi, na hita ya jua ya juu ya paa husaidia siku zisizo na ukungu. Chumba cha mita nne kwa tano kitahitaji wati 800. Ukitumia umeme kwa saa kumi, ni yuniti nane kwa usiku mmoja, yuniti 240 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 350 hivi kwa yuniti, ni zaidi ya shilingi 80,000 kwa chumba kimoja. Ukiwa hukuweka pamba ya mawe, zidisha kwa mbili bila kupata joto la ziada. Na hesabu hii inachukulia kwamba nyufa za sakafu, madirisha na dari zimezibwa. Chumba chenye dari wazi chini ya bati kitazimeza wati 800 na kuuliza chakula kiko wapi.

Kisha kuna mti wenyewe, ambao hausahau kwamba ulikuwa mti. Mbao za Lushoto zimeishi miaka mingi katika hewa ya ukungu, na zimetulia na kiasi fulani cha maji ndani yake. Ukizipasha joto kutoka chini zitakauka kupita zilivyozoea, nazo hukauka kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa sentimita 15 ukishuka kutoka asilimia 14 ya unyevu hadi 10 utapungua milimita moja na kidogo. Si nyingi. Zidisha kwa mbao 27 za chumba cha mita nne, utapata zaidi ya sentimita mbili na nusu za nyufa mpya, zile zile zinazopitisha upepo. Ndiyo maana mafundi wanaojua huwasha mfumo polepole, nyuzi chache kwa siku, kwa wiki mbili tatu, na hawauzimi na kuuwasha ghafla. Mtu anayekuja nyumba yake ya mlimani wikiendi moja kwa mwezi, akataka joto Ijumaa usiku na kuzima Jumapili, asiguse mfumo huu kabisa. Blanketi linamtosha.

Jambo linaloniudhi ni nyumba zinazojengwa Lushoto leo. Mtindo umetoka Dar es Salaam pamoja na lori la vigae. Wanachimba msingi, wanajaza kifusi, wanamwaga jamvi la zege, wanabandika vigae vyeupe vinavyong'aa, kisha Julai ikifika wanatafuta mazulia ya kuvifunika. Jamvi ndilo umbo ambalo Mrumi, Mkorea na Wright wangelichagua kwa kupasha joto: zito, limekaa chini, halina upepo tumboni. Lingehitaji tu tabaka la kuzuia joto lisizame ardhini, na mabomba machache yafungwe kwenye nondo kabla ya zege kumwagwa, siku moja ya kazi. Hakuna anayefanya hivyo. Tunazo nyumba mpya zenye umbo linalofaa bila wazo, na nyumba za kale ambako wazo jipya linalazimishwa kwenye umbo lisilofaa.

Hukumu yangu juu ya nyumba za kale, basi, ni ya masharti. Mteremko wa Lushoto, ambao umewatesa wajenzi wote, hapa unasaidia: upande wa chini wa kilima uwazi unafika mita moja na zaidi, na fundi mwembamba mwenye taa ya kichwani anaweza kutambaa chini ya sakafu na kubana mabati na pamba ya mawe kutoka chini, bila kubandua ubao hata mmoja juu. Mlio wa hatua unabaki. Rangi nyeusi ya mbao inabaki. Mfumo ukiharibika unaondolewa na nyumba inarudi ilivyokuwa. Upande wa juu wa kilima, ambako uwazi ni wa kuingiza paka tu, achana nao. Pasha chumba kimoja au viwili vya kulala, usipashe nyumba nzima.

Na kabla ya bomba lolote, weka hiyo pamba ya mawe peke yake, ziba nyufa za mbao, funika tundu la dohani wakati moto umezimwa, uishi hivyo kipupwe kimoja. Naamini nusu ya wanaoulizia mabomba watagundua kwamba walichokuwa wakikitafuta ni kuacha kukanyaga upepo. Kwa hiyo, mwenye nyumba, mwite seremala kwanza. Fundi bomba aje baadaye, kama bado unamhitaji. Na yeyote kati yao akikushauri uzibe vitundu vya msingi, mlipe nauli yake ya kurudi Mombo.